Sekunde Saba za Machozi

Davion Gaskins alikuwa ameingoja siku hiyo mwaka mzima, na ilipofika hakuwa na haraka hata kidogo.

Alishusha mabegi ya kamera garini moja moja, akayapanga kando ya barabara, akafuta lenzi kwa kitambaa safi. Boone, rafiki yake na mwenzake wa kazi, alikuwa bado ameshika usukani na injini inanguruma.

"Nakwambia kwa mara ya mwisho, mwanangu," Boone alisema. "Turudi. Nitampigia yule mama aliyetupa kazi nimwambie kamera imeungua."

"Kamera haijaungua."

"Wewe ndiye uliyeungua."

"Zima gari, Boone."

Boone akazima gari, akashuka huku ananung'unika peke yake.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba ya akina Purnell, zulia jekundu lilikuwa limeshatandikwa kutoka mlangoni, likashuka ngazi tatu za marumaru, likafika hadi lami. Kila nguzo ilikuwa na maputo ya dhahabu. Mashangazi walikuwa wanamwaga kaa wa baharini waliopikwa kwa mvuke juu ya meza iliyotandikwa magazeti, na vijana wa pikipiki walishaanza kupita wakiinua tairi la mbele, mtaa mzima ukiwashangilia. Ilikuwa sendofu ya Zaria, binti mdogo wa nyumba ile, wala si ya harusi. Jioni angekwenda kwenye dansi ya kumaliza shule, lakini kwa Baltimore ya magharibi dansi yenyewe si kitu. Kitu ni kule kutoka mlangoni: gauni, kijana aliyevaa kitambaa kimoja na binti, ndugu, majirani, na simu mia mbili hewani.

Davion alilijua zulia lile. Mwaka jana alisimama juu yake.

Mwaka jana alikuwa na miaka kumi na minane, na alikuwa anampenda Jalisa, dada mkubwa wa Zaria, mapenzi ya kusahau kula. Ni Jalisa mwenyewe aliyempelekea kipande cha kitambaa cha gauni lake, kijani kama chupa, amkabidhi fundi ili suti ifanane. Bibi yake Odessa, ambaye ndiye aliyemlea, alifuatana naye kwa fundi mara tatu. Siku ilipofika akasimama chini ya ngazi zile, maua mkononi, kijani kuanzia tai hadi soksi. Mlango ukafunguliwa. Jalisa akatoka amevaa gauni jeupe. Nyuma ya Davion gari refu likasimama, akashuka Prescott Vance, mcheza mpira wa kikapu aliyekwishaitwa na chuo kikubwa, suti nyeupe pe. Jalisa akampita Davion kama mtu anavyopita kiti.

Machozi yalimshuka Davion pale pale, maua yangali mkononi, na mtu akamrekodi, sekunde saba tu, akaziweka mtandaoni. Kufika Jumatatu watu milioni tatu walikuwa wameshamwona. Wakamwekea muziki. Wakamwekea maneno. Timu ikifungwa, wanamweka Davion analia. Mtu kafukuzwa kazi, Davion analia. Watu wa miji asiyoijua walimwita Kijani. Alipokwenda kuomba kazi duka la viatu, meneja alimtazama, akamtazama tena, kisha akaita wenzake waje waone. Kwa kinyozi, mahali ambapo kijana mweusi hukaa kwenye kiti akajisikia mtu, wanaume wazima walimuuliza kama amekuja na leso. Mwanaume halii, walimwambia, na akilia haachi aonekane.

Basi akajifunza. Akafuga ndevu na rasta. Akanunua kamera, akahamia upande wa pili wa lenzi, na ndani ya mwaka mmoja hakuna kijana wa magharibi yote aliyepiga picha za sendofu kumshinda. Jina la kazi lilikuwa la Boone, na mazungumzo na wateja yalikuwa ya Boone. Ndivyo Bi Charisse Purnell, mama wa wasichana wale, alivyomwita nyumbani kwake bila kujua anamwita nani.

Alichokitaka Davion kilikuwa kimoja, na hakukificha kwa Boone wala kwa Mungu: Jalisa alie. Alie mbele ya watu, kamera ikimtazama, mubashara, sekunde saba. Basi.

"Jamani wa kamera ndio mnafika saa hizi?" Sauti ya Bi Charisse ilitangulia, mwenyewe akafuata katika gauni la dhahabu. "Wanangu, mnataka kuniua kwa presha, mimi hapa tangu alfajiri sijaka..."

Akasita. Alianza kumtazama Davion viatu, akapanda, akakwama kwenye macho. Ndevu zilikuwa zimeficha mengi, macho yalikuwa yale yale.

"Wewe si yule mtoto wa Odessa?"

"Mjukuu wake, mama. Habari za mchana."

"Yesu wangu. Nani kakuleta hapa?"

"Wewe, mama. Ulisema unamtaka aliyepiga sendofu ya binti wa akina Tolliver. Ndiye mimi."

"Huwezi kufanya kazi kwenye nyumba yangu."

"Sawa, mama." Davion akainama, akaanza kufunga begi taratibu. "Ila watu tuliowafungulia mubashara tutawaambiaje? Elfu nne wameshaingia. Naona na ndugu zako wa Carolina wanasalimia."

Bi Charisse akageuka kutazama watu wake, akapunga mkono, akatabasamu. Aliporudisha uso, tabasamu lilikuwa bado lipo ila macho yalishaondoka.

"Mbona hukusema jina lako?"

"Hukuniuliza. Hata mwaka jana hukuniuliza kitu."

"Sikiliza, kijana. Kinyongo chako kiache kwenye gari. Ukimharibia mwanangu siku yake, kesho nakwenda kanisani, nitamtoa bibi yako kwenye ule mlango anaosimamia kupokea waumini na glavu zake nyeupe. Umenielewa?"

"Mwanao yupi, mama?"

"Wote!"

Dirisha la juu likafunguka kwa kishindo, kichwa cha Zaria kikatoka kimejaa rola.

"Mama! Huyo si Kijani? Muache! Ndiye mkali wao!"

"Zaria, ingia ndani! Unawaonyesha watu kichwa!"

"Muache, mama, nakufa mimi!"

Boone alicheka hadi akakohoa. Davion hakucheka, maana alikuwa amemwona Jalisa.

Alikuwa amesimama mlangoni, bega kwenye fremu. Nywele ndefu za mwaka jana hakuwa nazo tena. Alikuwa amezikata, zake za asili zikabaki fupi kama za mtoto, na shingo ilionekana yote. Prescott alishamwacha kabla majani ya miti hayajaanguka mwaka ule ule, habari hiyo ilijulikana hadi dukani. Macho yao yakakutana, na moyo wa Davion, ambao alikuwa ameuonya barabarani njia nzima, ukamsaliti vibaya. Akajikasirikia. Akachukua maikrofoni ndogo ya kola, akapanda ngazi.

"Nimeambiwa ni wewe utakayesema maneno ya baraka kabla mdogo wako hajatoka," alisema. "Nikuvishe hii."

"Habari yako, Davion."

"Inua shingo."

Akainua. Davion akabana kile kidude kwenye ukosi wa gauni lake, na vidole vikawa pale pale vilipozoea kugusa zamani, chini ya sikio, kwenye harufu ya mafuta ya kakao. Mshipa wa shingo ulikuwa unaruka. Kuna wakati angetoa figo ili aguse pale.

"Unanichukia," Jalisa alisema polepole.

"Nafanya kazi."

"Nina neno nataka kukuambia. Nimekuandikia mara arobaini nikafuta."

Davion akatazama mashangazi waliokuwa wameacha kaa na kuwakodolea macho.

"Twende nyuma," alisema. "Hapa kuna masikio."

Mungu anisamehe, lakini yeye ndiye aliyesema hivyo, na simu ilikuwa mkononi mwake. Kwenye simu ile kulikuwa na kitufe chekundu cha kufungua sauti ya maikrofoni iende mubashara na kwenye spika za mbele. Ndivyo wapiga sendofu walivyojizoeza, baraka isikike na waliopo na wasiokuwepo. Wakapita jikoni, wakatokea kwenye kichochoro cha nyuma, penye mapipa ya taka na uzio wa waya. Muziki wa mbele na ngurumo za pikipiki vilifika pale kama vinatoka mtaa mwingine. Davion akaegemea ukuta. Akabonyeza.

"Haya, sema."

Jalisa alijikumbatia kana kwamba kuna baridi.

"Nilijua tangu Jumatano," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba nitatoka na Prescott. Mama alinikalisha pale jikoni. Akasema, mtoto wa Odessa ni mpole, namjua, lakini hana chuo, hana jina, atakupeleka wapi, kwenye kituo cha basi? Prescott ameuliza habari zako. Nikamwambia, basi mama nimweleze Davion mapema. Akasema hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Akasema ukielezwa hutakuja. Na usipokuja, hakuna kitakachowafanya watu watazame."

Mwaka mzima Davion alidhani Bi Charisse alimsahau tu pale chini ya ngazi. Kumbe alipangwa, kama maputo.

"Na wewe ukanyamaza. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Ijumaa ulinipigia ukaniuliza kama soksi zimefika."

"Ndiyo."

"Nikakwambia zimefika. Ukacheka."

"Davion, magauni yote mawili yalikuwa kitandani. Naapa mbele za Mungu. La kijani nilikuwa nimelivaa. Nililivaa saa nzima. Nilijiambia, nikifika mlangoni nitakushika wewe mkono, mama na Prescott watajua wenyewe. Halafu nikasikia gari lake, nikasikia watu wanavyopiga kelele. Nikavua."

"Ukavua."

"Nikavua." Akapangusa pua kwa nyuma ya kiganja. "Na nilikuwa nakupenda. Bado... Hakuna siku iliyopita sijakupenda. Ndiyo hiyo ninayoifuta kila nikiandika."

Simu ikatetemeka mkononi mwa Davion. Ulikuwa ujumbe wa Boone, neno moja: ACHA.

Kidole gumba kikasogea. Ni kweli kilisogea, na nafasi aliyopewa pale ilikuwa pana, ya mtu kupita bila kuinama. Alishasikia alichokuja kukisikia, na zaidi. Msichana alikuwa amekwishasema mbele ya mtaa wake kwamba alimkosea na kwamba anampenda. Angebonyeza, wangebaki wawili na mapipa ya taka.

"Kuna jingine," Jalisa alisema. "Ni baya kuliko hilo."

Kidole kikasimama.

"Ile video ya kulia kwako. Mimi ndiye niliyeirusha."

Davion hakuelewa mara moja. Siku zote alimfikiria kijana fulani wa mtaani, mtu asiye na uso, na usiku mwingi alimlaani mtu huyo akiwa amepiga magoti.

"Kwa simu ya binamu yangu Monique, ndiye aliyekurekodi," Jalisa aliendelea, sasa anaharakisha kama mtu anayetapika. "Jioni ile ile watu walishaanza kunitukana. Walisema nina roho mbaya, walimtukana hadi Zaria. Nikaona, wakipata wa kumcheka wataniacha mimi. Yale maneno ya juu, 'Kijani kinajimwagilia,' niliyaandika mimi. Na waliniacha, Davion. Ndani ya saa moja wote waliniacha wakaja kwako."

"Rudia."

"Davion..."

"Rudia. Nani aliyaandika?"

"Mimi. Jalisa Purnell. Niliyaandika mimi."

Mbele ya nyumba muziki ukazimika. Pikipiki nazo zikazimwa, moja, nyingine, ya tatu. Na katika ule ukimya sauti ya Jalisa mwenyewe ikarudi ikipita juu ya paa, kubwa kuliko yeye, imechelewa kidogo: *niliyaandika mimi*.

Jalisa alitazama angani kwanza. Kisha mkono wake ukapanda polepole hadi kwenye ukosi, ukakigusa kile kidude.

"Inasikika?"

"Kila neno."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema Jumatano."

Hapo ndipo alipolia. Hakupiga kelele. Uso ulianguka wote kwa mara moja, kinywa kikapinda, machozi yakafuatana hadi kidevuni. Davion akainua kamera iliyokuwa inaning'inia kifuani, imeunganishwa na mubashara, akamweka katikati, akavuta karibu. Akahesabu kwa sauti.

"Moja. Mbili. Tatu."

Jalisa hakuziba uso. Alisimama pale akamtazama ndani ya lenzi hadi alipomaliza.

"Saba."

Akateremsha kamera. Ndipo alipobonyeza kufunga.

"Umefurahi?" Jalisa aliuliza.

Alitaka kusema hapana, kama watu wema wanavyosema. Lakini kifua chake kilikuwa kimefunguka kama dirisha, alikuwa anapumua hadi chini kabisa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Mei iliyopita.

"Ndiyo," alijibu. "Nimefurahi."

"Vizuri. Na Zaria je?"

"Zaria kafanya nini?"

"Hakuna alichokufanyia. Ndiyo nakuuliza. Yuko juu na gauni lake, mtaa mzima umenyamaza, sijui atatoka vipi."

Katika mwaka mzima wa kupanga, Davion hakuwa amemfikiria Zaria hata dakika moja.

Jalisa akabandua maikrofoni kwenye ukosi, akaitia kwenye kiganja cha Davion.

"Nikuulize kitu. Baada ya ile video ulikaa ndani siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Nani alikaa na wewe?"

"Hakuna. Bibi alikuwa ananiwekea chakula mlangoni."

"Basi wewe utakuja kukaa na mimi. Kesho. Usije kwa mapenzi, wala usije kuomba msamaha. Nilipokufanyia mimi sikujua kunaumaje, naapa sikujua, nilikuwa mtoto mjinga nimeshika simu. Wewe unajua. Katika Baltimore yote hakuna anayejua kama wewe. Na ukanifanyia."

Mlango wa jikoni ukafunguka kwa teke. Bi Charisse alikuwa ameshika viatu mkononi, gauni la dhahabu limepanda magotini.

"Umefanya nini?" Alimkabili Davion. "Umefanya nini, mtoto wa Odessa? Watu wananitazama kama mchawi! Shangazi yangu kanipigia kutoka Carolina kuniuliza kama ni kweli!"

"Ni kweli?" Davion akauliza.

"Nitakupeleka mahakamani! Nitakufuta mjini hapa!"

"Mama," Jalisa alisema. "Ni kweli au si kweli?"

Bi Charisse alimgeukia binti yake, akaona uso, akaona ule weupe wa chumvi mashavuni. Akavaa viatu vyake, kimoja, cha pili, ameshika ukuta.

"Zaria anatoka sasa hivi," alisema hatimaye. "Wewe kanawe uso. Na wewe nisikuone."

Sendofu aliipiga Boone peke yake. Zaria alitoka ameinua kichwa, na mashangazi, Mungu awabariki, walimshangilia mara mbili zaidi ili kufunika yaliyopita. Davion aliyasikia makofi yale akiwa ameshakata kona ya mtaa, anatembea kwa miguu.

Bibi Odessa alikuwa amekaa kwenye kochi lake, simu imeegemezwa kwenye kopo la pipi, glavu zake za kesho zimetandazwa pajani. Jua lilikuwa bado linaingia dirishani. Davion alisimama mlangoni akasubiri.

"Nimekusikia ukihesabu," Bibi alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Nilikuwa naomba uishie nne."

Davion akakaa chini, mgongo kwenye kochi, kama alipokuwa mtoto anasukwa nywele.

"Alinirusha mwenyewe, Bibi. Yeye mwenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia. Nilitaka kwenda kumzaba kofi, nikakumbuka goti." Akazikunja glavu. "Na mama yake nitamwona kesho, nitamfungulia mlango wa kanisa, nitampa karatasi ya ibada. Nitambana kidole akiipokea, lakini nitampa."

Davion alicheka, kisha kicheko kikamgeuka, na akalia, mwaka mzima kwa pamoja, kichwa kwenye goti bovu la bibi yake. Hakuna aliyemrekodi.

Alipotulia, Bibi aliuliza, "Amekuomba nini yule msichana?"

"Niende kesho. Nikakae naye."

"Utakwenda?"

"Sijui. Bado namchukia."

"Sikukuuliza hilo."

"Na bado nampenda. Hilo ndilo linanitia hasira."

"Kaoge," Bibi alisema. "Unanuka kaa wa watu."

Jumapili mchana, ibada ilipokwisha, Davion alikaa kwenye ngazi za marumaru za akina Purnell. Zulia lilikuwa limeshaondolewa, yamebaki maputo mawili yaliyolegea. Kufika saa ile watu nusu milioni walikuwa wameshamsikia Jalisa. Walikuwa wamemwekea muziki. Mtu mmoja alikuwa amemwunganisha na Davion wa mwaka jana, wanalia pamoja, kushoto na kulia, kama picha ya harusi.

Mlango ukafunguka nyuma yake.

"Toka kwenye ngazi zangu," Bi Charisse alisema.

"Ndiyo, mama."

Akasimama, akashuka, akakaa ukingoni mwa barabara.

"Nimesema toka!"

"Ngazi ni zako, mama. Barabara ni ya watu wote."

"Unataka nini tena? Umeshapata ulichotaka!"

"Niliitwa."

Mlango ukabamizwa. Alikaa. Jua likamchoma shingo. Vijana watatu wa pikipiki wakasimama ng'ambo, wakamtambua, wakaanza.

"Oyaa, Kijani! Kaka, umekuja kumpelekea leso?"

"Kaka, hapo unampenda au unamvizia?"

"Yote mawili," Davion akawajibu, na wakacheka, lakini mmoja wao alicheka kidogo kuliko wenzake, akateremsha simu.

Saa ikapita, na robo yake. Hakujua kama yuko pale kwa kutubu au kwa kutaka kuona alichokifanya, na aliogopa kulichungulia swali hilo kwa karibu. Alijua tu kwamba siku kumi na moja zile, kama mtu yeyote, hata adui, angekaa nje ya mlango wake, angelala usingizi.

Kisha akasikia sauti za ndani, mama na binti, moja kali, nyingine chini lakini haikomi. Hakusikia maneno. Alisikia kiti kikivutwa. Alisikia Zaria akipiga kelele, "Mama, muache aende!"

Jalisa akatoka. Alivaa fulana kubwa na kandambili, macho yamevimba kama ya mtu aliyepigwa. Alishuka ngazi tatu, akasimama nyuma yake, na kivuli chake kikamwangukia Davion begani. Ng'ambo ya barabara simu zikainuka tena.

"Siku ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote?" aliuliza.

"Ya pili ni mbaya zaidi."

"Nilidhani umekuja kunifariji."

"Sikusema hivyo."

Jalisa akapumua kwa nguvu puani, kitu kilichokaribia kuwa kicheko kikakosa njia.

"Usije ukadhani nimekusamehe."

"Hata mimi sijakusamehe."

"Vizuri," Jalisa alisema. "Sogea nikae."

Akasogea.